Shukrani ya Mke kwa Mumewe

SABATO ALASIRI

Soma kwa Ajili ya Somo la Juma Hili: Mithali 31:10–31, Wimbo Ulio Bora 5:2–16, 1 Samweli 19:11–17, 2 Samweli 3:13–16, 2 Samweli 6:12–23, 2 Wafalme 4:8–37, 1 Samweli 25:2–42, Waefeso 5:33.

Fungu la Kukariri: Mithali 31:11, 12. (Likariri kutoka katika Biblia yako, kisha msomee mwenzi wako kwa sauti.)

Ijumaa saa kumi jioni, katika nyumba nyingi za Waadventista hapa Gairo, kazi zote huja kwa pamoja. Makande yako jikoni, mtoto mdogo anaogeshwa, pasi ya mkaa inapulizwa barazani, na upepo unaoshuka kutoka milima ya Ukaguru unarudisha vumbi pale pale palipofagiliwa. Nyumbani kwangu kuna jambo moja zaidi. Mume wangu huketi kwenye kigoda nje ya mlango, akapanga viatu kwa mstari kuanzia vya mtoto mdogo, akavipaka dawa na kuving'arisha kimoja kimoja. Vyangu huviweka mwisho, na huvifuta mara mbili.

Amefanya hivyo kwa miaka 19. Kwa miaka 15 ya kwanza sikuwahi kumwambia neno. Sikuwa na kinyongo naye. Nilikuwa sivioni tena viatu vile, kama mtu asivyouona mlango anaopita kila siku.

Kila mwaka Sabato ya Huduma za Wanawake inapofika, tunasoma Mithali 31, na mhubiri hukaza fungu la 28, ambapo mume na watoto wanainuka kumsifu mama wa nyumba. Ni vema, na wanaume waendelee kuinuka. Lakini ni mara chache tunauliza swali la upande wa pili: mke naye humtazamaje mumewe, na anapoona jema ndani yake, hulipeleka wapi? Juma hili tutawaangalia wake wanne wa kwenye Biblia, na mmoja wa siku za waanzilishi wa kanisa letu. Hatujifunzi ili kuonyesha kwamba wanaume wana mzigo mkubwa kuliko wanawake. Kila mtu wa Gairo anajua nani huamka kwanza alfajiri. Swali letu ni dogo zaidi ya hilo, na pengine ndiyo maana ni gumu.

*Jifunze somo la juma hili kwa ajili ya maandalizi ya Sabato ijayo.

JUMAPILI

Aliulizwa, Akajibu

Soma Wimbo Ulio Bora 5:2–16. Mabinti wa Yerusalemu wanamwuliza mke swali gani katika fungu la 9? Ni mambo gani anayoyataja katika jibu lake?

______________________________________________

Kitabu hiki baadhi yetu tunakiogopa kidogo darasani, hasa vijana wanapokuwa wameketi nyuma. Tukiogope au tusikiogope, hapa ndipo penye jibu refu kuliko yote katika Biblia ambalo mke amelitoa juu ya mumewe. Wanawake wenzake wanamwuliza, kwa maneno mengine, huyo wako ana nini ambacho waume wengine hawana. Ni swali linaloulizwa hata kisimani. Mara nyingi sisi hulijibu kwa kucheka, au kwa kusema, “Aa, wanaume wote ni wale wale,” kisha tunataja kasoro moja ya kuchekesha ili mazungumzo yaendelee.

Huyu hakufanya hivyo. Alianza kichwani akashuka hadi miguuni. Akataja nywele, macho, mashavu, midomo, mikono, mwili, miguu, sura yake kwa jumla, na mwishowe akarudi kwenye kinywa chake. Mtu hawezi kusema hivyo juu ya mwenzake kama hajamtazama kwa muda mrefu. Hakusema tu kwamba ni mume mzuri. “Mume mzuri” ni maneno yanayoweza kuandikwa kwenye kadi ya harusi ya mtu usiyemjua. Yeye alitaja kitu kimoja kimoja, kila kitu na mfano wake. Na alipomaliza, katika fungu la 16, alimwita mumewe rafiki. Hilo neno tulitazame vizuri. Wengi wetu humu darasani tunaweza kumwita mwenzetu baba watoto, mzee, au bosi. Je, tunaweza kumwita rafiki?

Sasa angalia jibu hili limetoka wakati gani. Rudi katika mafungu ya 2–6. Usiku ule mume alibisha mlango. Mke alikuwa amekwisha kuvua kanzu na kuosha miguu, naye akaona uvivu kuamka. Alipofungua hatimaye, mume alikuwa ameondoka. Sifa hizi zote zilitoka kinywani mwake akiwa njiani anamtafuta. Kwa hiyo hazikutoka kwa mke ambaye hajawahi kumchoka mumewe. Zilitoka kwa mke aliyemwacha nje ya mlango, akajuta.

Tunajua jinsi ilivyo katika misiba yetu. Historia ya marehemu inasomwa, na mjane anasikia mambo ambayo yeye ndiye aliyewaeleza waandishi usiku uliopita: alikuwa mpole, alisomesha wadogo zake, hakulala bila kuuliza kama watoto wamekula. Yote ni kweli. Anayestahili kuyasikia amelala ndani ya jeneza.

Chukua karatasi leo. Andika mambo matano unayoyajua juu ya mwenzi wako ambayo jirani yako hawezi kuyaandika. Ikiwa unakwama kwenye la pili, jiulize ni tangu lini uliacha kumtazama.

______________________________________________

JUMATATU

“Hapa Ni Kwetu”

Soma 1 Samweli 19:11–17 na 2 Samweli 6:12–23. Linganisha jinsi Mikali anavyotajwa katika sehemu hizi mbili.

______________________________________________

Katika sehemu ya kwanza Mikali anaitwa mke wa Daudi. Baba yake anataka kumwua mumewe, naye anamteremsha dirishani usiku, akaweka kinyago kitandani na singa za mbuzi kichwani pake, akasimama mbele ya mfalme akiwa peke yake. Kwa ajili ya Daudi alihatarisha maisha. Miaka inapita. Sanduku la agano linaingia mjini, Daudi anacheza mbele za Bwana kwa nguvu zake zote, na Mikali anatazama dirishani. Dirisha tena! Lakini hapo, katika mafungu ya 16, 20 na 23, mwandishi anamwita binti Sauli mara zote tatu. Hasemi tena mke wa Daudi. Alipotoka kumlaki mumewe, alisema naye kama binti wa mfalme anayesema na mtu aliyetoka machungani.

Kabla hatujamhukumu, tusome na 2 Samweli 3:13–16. Mikali alipewa mume mwingine wakati Daudi alipokuwa mkimbizi, kisha akarudishwa kwa nguvu, huku Paltieli akimfuata nyuma akilia njia nzima. Hakuna aliyemwuliza Mikali. Nadhani dharau ya dirishani ilikuwa na mizizi mirefu. Nasema hivi kwa sababu wapo dada zetu ambao hawawezi kushukuru, si kwa kiburi, bali kwa kuwa kuna kidonda ambacho hakuna aliyewahi kukiuliza. Somo hili lisigeuzwe fimbo ya kuwapigia.

Hata hivyo, maneno yale yalisemwa, na nyumba ile haikupona. Nami nina sababu ya kukaa juu ya kisa hiki.

Gairo ilifanywa wilaya mwaka 2012. Kabla ya hapo tulikuwa sehemu ya Kilosa. Wakaguru, ambao ndio watu wa asili wa milima hii, huhesabu ukoo kwa upande wa mama, kama Waluguru wanavyofanya kule Morogoro. Mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mjomba ana sauti kubwa. Zamani kijana aliyetaka kuoa aliwafanyia kazi wakwe zake kwanza. Basi mwanamume anayekuja kuishi kwenye ardhi ya ukoo wa mkewe hulima shamba ambalo watu wote wanajua si la kwao. Wagogo, majirani zetu wa upande wa Dodoma, na Wapare kule ulikoanzia ujumbe wetu katika nchi hii mwaka 1903, hufuata upande wa baba. Kwao neno hili ni geni kidogo. Mume wangu ni Mpare.

Mwaka mmoja mvua ilikatika mapema, mahindi yakakauka kabla ya kubeba. Mume wangu alikuwa ameuza mbuzi wawili niliopewa na mama yangu, ili anunue mbegu na mbolea. Tulikuwa tumekubaliana. Lakini hasara ilipofika, nilisahau kwamba tulikubaliana. Siku wajomba zangu walipokuja kutujulia hali, nilisema mbele yao, kwa sauti ambayo hata mtoto aliyekuwa nje aliisikia, “Ungeuza vya kwenu. Hapa ni kwetu.”

Hakujibu. Alisimama, akafunga madumu manne kwenye baiskeli, akaenda kuteka maji. Ilikuwa Jumanne. Ijumaa ile, saa kumi jioni, alikaa kwenye kigoda akapanga viatu. Vyangu vilikuwa mwisho wa mstari, akavifuta mara mbili. Kama angevirusha uani, ningepata la kusema.

Ilinichukua hadi baada ya mavuno ya mwaka uliofuata kufanya nililojua napaswa kufanya. Maneno yale niliyasema mbele ya wajomba. Ilinibidi niyafute mbele ya wajomba. Kuomba radhi chumbani ningeweza hata siku ile ile, na kusingefaa kitu. Nikawaita, nikapika, nikawaambia kwamba nilimdhalilisha mume wangu kwenye nyumba aliyoijenga kwa mikono yake, nikataja na lile la viatu. Mjomba wangu mkubwa aliendelea kula kwanza. Kisha akasema, “Sisi hatukuwa na neno naye, mwanangu. Tulikuwa tunakungoja wewe.” Mume wangu aliuliza kama kuna chai.

Je, kuna neno ulilosema juu ya mwenzi wako mbele ya watu, ambalo bado hujalifuta mbele ya watu wale wale?

JUMANNE

Chumba Kidogo Juu ya Nyumba

Soma 2 Wafalme 4:8–37. Mume wa mwanamke Mshunami ametajwa katika mafungu gani? Kila mahali anafanya nini?

______________________________________________

Mume huyu hana jina, na wahubiri wengi humpita haraka. Mwanamke ndiye mkuu wa habari. Biblia inasema alikuwa mtu mkubwa, na katika fungu la 13 anamjibu Elisha kwamba anakaa katikati ya watu wake. Yaani yuko kwao! Lakini alipotaka kujenga chumba kwa ajili ya nabii hakusema, nitajenga. Alimwendea mumewe akampa wazo lenye vipimo vyote: chumba juu, ukutani, na ndani yake kitanda, meza, kiti na taa. Akasema kwa wingi, tufanye. Hatusomi kwamba mume aliuliza gharama. Tunachosoma ni kwamba siku moja Elisha alifika, akaingia chumbani, akalala. Mtu fulani alipandisha zile kuta.

Kisha mtoto anazaliwa, anakua, anamfuata baba shambani kwa wavunaji, na kichwa kinamwuma. Baba anamwambia mtumishi ampeleke kwa mama yake. Wapo wanaomlaumu hapa kwamba alipaswa kumbeba mwenyewe. Mimi naona mwanamume aliyejua ni mikono ya nani itakayomfaa mtoto wakati ule. Na mke alipotaka punda ghafula, mume aliuliza kwa nini aende siku hiyo, maana haikuwa mwandamo wa mwezi wala Sabato. Hakupata maelezo. Punda alipata.

Maisha ya kila siku ya nyumba yamejaa mambo ya namna hii, yasiyoandikwa na mtu. Baba anayeamka usiku kuzuia bati lisipeperuke upepo wa Julai unapovuma. Anayekwenda Chakwale siku ya mnada kuuza maharage na kurudi na daftari alizoagizwa, hesabu kamili. Anayeshinda kwenye mashine ya kukamua alizeti akingoja zamu, arudi na mafuta na mashudu ya kuku. Mama wa Shunemu alikuwa na jicho: kabla ya kumtambua Elisha kuwa mtu wa Mungu (fungu la 9), alikuwa amemtazama akipita mara nyingi. Jicho hilo hilo linaweza kutumika ndani ya nyumba.

JUMATANO

Ellen na James

Ellen Harmon na James White walifunga ndoa tarehe 30 Agosti 1846, huko Portland, Maine. Hawakuwa na nyumba. Baada ya mtoto wao wa kwanza, Henry, kuzaliwa mwaka 1847, walikaa katika sehemu ya nyumba ya ndugu mmoja wa kanisa huko Topsham, wakitumia vyombo vya kuazima. James alibeba mawe kwenye ujenzi wa reli hadi ngozi ya vidole ikachubuka. Kisha akaingia msituni kukata kuni kuanzia alfajiri hadi giza, kwa ujira wa kama senti 50 kwa siku. Mwaka uliofuata alikata nyasi mashambani kwa jua la kiangazi, akapata dola 40, ambazo sehemu yake ilitumika kwa mavazi na iliyobaki ikawa nauli ya kwenda kuhubiri. Tunayajua haya kwa sababu mkewe aliyaandika. Wengi tunamjua James White kama mwanzilishi wa magazeti yetu na rais wa Konferensi Kuu. Ellen alikumbuka na vidole.

Tarehe 16 Agosti 1865 James alipigwa na kiharusi. Mtu aliyezoea kufanya kazi za watu watatu akawa mtu wa kuketi. Walimpeleka kwenye kituo cha afya huko Dansville, New York, na shauri alilopewa lilikuwa apumzike kabisa, asitumie akili wala mwili. Ellen alikaa naye miezi kadhaa, akaona anazidi kufifia. Akaamua kumrudisha nyumbani, na baadaye wakahamia shamba dogo huko Greenville, Michigan.

Majira ya kuchipua ya mwaka 1867 Ellen alimtuma mwana wao Willie anunue majembe matatu na reki tatu, kila mmoja na yake. James alipinga. Ellen akashika jembe akaanza kulima hadi mikono ikapata malengelenge, na James akashika lake. Ulipofika wakati wa kukusanya nyasi kavu, James alitaka kuwaita majirani. Ellen alikuwa amekwisha kuwapitia kabla yake, akawaomba waseme wana shughuli. Hivyo familia ikabaki na nyasi zake. Ellen na Willie wakakusanya kwa reki, na wakati wa kupanga rundo Ellen akapanda juu, akawa anakanyaga nyasi huku mumewe akimrushia kwa uma wa shambani. Wapita njia walishangaa kumwona mama anayehubiria makutano akiwa juu ya rundo la nyasi.

Nimekisoma kisa hiki mara nyingi, na bado sina hakika kama ningeweza kukifanya. Kumhurumia mgonjwa ni rahisi zaidi: unamfunika blanketi, unamletea uji, unamwambia apumzike. Ellen alimheshimu mumewe kiasi cha kukataa kumwona kuwa amekwisha. Alijua kuna mwanamume mle ndani ambaye mikono yake ilihitajika, akapanga mambo yote, hata na majirani, ili mikono ile ihitajike kweli. James alipona kiasi cha kurudi kazini, akaongoza tena Konferensi Kuu.

Ila tusitengeneze ndoa ya picha ya ukutani. Kiharusi kilimbadilisha James. Mara nyingine alikuwa mwepesi wa kushuku na mkali. Mwezi wa Mei 1876, Ellen akiwa Oakland, California, akiandika habari za maisha ya Kristo, na James akiwa mbali mashariki, walikwaruzana kwa barua. Ellen alimwandikia rafiki yake wa karibu akitoa malalamiko yake yote. Baada ya siku chache alimwandikia tena akajuta kwamba alikuwa ameandika, akamwomba azichome zile barua. Akamwandikia na mumewe, akaomba msamaha kwa lolote alilosema au kuandika lililomhuzunisha. Muda si mrefu walikuwa pamoja tena makambini.

Barua zile hazikuchomwa zote, ndiyo maana tunajua. Nami nafurahi kwamba hazikuchomwa. Ndoa hii ilikuwa na rundo la nyasi, na ilikuwa na Mei 1876.

James alifariki Battle Creek tarehe 6 Agosti 1881, siku mbili tu baada ya kutimiza miaka 60, na siku 24 kabla ya kutimiza miaka 35 ya ndoa. Ellen mwenyewe alikuwa mgonjwa, lakini siku ya maziko alisimama akasema na kusanyiko. Aliishi mjane miaka 34.

Ni jambo gani ambalo mwenzi wako alikuwa akiliweza zamani, nawe sasa umeacha kulitarajia kwake? Je, kuna “jembe la tatu” unaloweza kumnunulia?

______________________________________________

ALHAMISI

Pale Ambapo Sifa Haipo

Soma 1 Samweli 25:2–42. Abigaili anasema nini juu ya Nabali katika fungu la 25? Anamwambia Nabali habari wakati gani (mafungu ya 36, 37)?

______________________________________________

Kuna dada atakayefika Alhamisi hii akiwa na hasira na mwandishi. Karatasi ya Jumapili ameiandika, na mambo matano hayakupatikana, kwa sababu mume anayeishi naye ni mlevi, au anampiga, au aliondoka miaka mitatu iliyopita na hajatuma hata pesa ya unga. Kwake Biblia haitoi agizo la kutunga uongo.

Abigaili hakumpamba Nabali. Mbele ya Daudi alisema waziwazi jinsi mumewe alivyo. Wakati huo huo alipakia punda mikate 200 na vitu vingine, akaokoa watu wote wa nyumba ile, Nabali mwenyewe akiwa mmoja wao. Aliporudi akamkuta amelewa, alinyamaza hadi asubuhi divai ilipomtoka, kisha akamwambia yote. Waefeso 5:33 inamtaka mke amheshimu mumewe. Sentensi hiyo hiyo inaanza kwa kumtaka mume ampende mkewe kama nafsi yake. Hakuna anayeruhusiwa kukata nusu moja akaitumia kumnyamazisha mwenzake.

Wazee wa kanisa wajue pia jambo hili: Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inasema wazi kwamba hakuna mtu mwenye haki ya kumpa mwenzi wake adhabu ya kipigo. Dada anayepigwa anapokuja kwenu, msimtume nyumbani na Mithali 31. Msindikizeni kwenye Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, na mmtafutie mahali salama pa kulala usiku huo.

IJUMAA

Jifunze Zaidi: Soma Mithali 31:10–31 yote tena, mara hii ukiangalia mume tu. Ametajwa katika mafungu ya 11, 12, 23 na 28. Yeye huketi malangoni pamoja na wazee, na watu wanamjua. Fungu la 12 linasema juu ya mema ambayo mke humtendea siku zote za maisha yake, wala halitaji siku ya kumbukumbu ya ndoa. Soma pia Tito 2:3–5, ambapo Paulo anataka wanawake wazee wawafundishe wanawake vijana kuwapenda waume zao. Yaani ni jambo la kufundishwa, na mwalimu wake ni mama aliyekwisha kupita njia ile. Katika makanisa yetu mafundisho ya usiku wa kuamkia harusi mara nyingi huwa juu ya usafi, mapishi na uvumilivu. Sijawahi kusikia somo la kumtazama mtu na kumwambia ulichokiona.

Nilipomshukuru mume wangu kwa mara ya kwanza kwa ajili ya viatu, aliniuliza kama naumwa. Mara ya pili akasema viatu vyangu soli imeanza kuachia, atavipeleka kwa fundi. Sasa hivi binti yetu wa miaka 12, aliye katika Watafuta Njia, huketi naye kwenye kigoda cha pili, na ndiye anayepaka dawa vya baba yake. Sikumtuma.

Maswali ya Kujadili:

1. Wanawake katika darasa lenu wakisikia mwenzao anamsifu mumewe hadharani, huwa wanasema nini? Wanaume nao je? Kwa nini ni rahisi zaidi kwetu kusimulia kasoro?

2. Katika sehemu yenu, je, mume ndiye “mgeni” kwenye ardhi ya mke, au mke ndiye mgeni kwenye ardhi ya mume? Taja maneno ambayo mwenye kwao huyatumia kumkumbusha mwenzake ugeni wake. Rutu 1:16, 17 inasema nini kwa mwenye kwao, na si kwa mgeni tu?

3. Ellen White aliwaomba majirani wamkatalie mumewe msaada. Ni wakati gani kumsaidia mtu kunamvunjia heshima? Ni wakati gani kutomsaidia ni ukatili? Mnatofautishaje?

4. Mkiwa na mjane au mgane darasani, mwombeni, ikiwa yuko tayari, awaeleze jambo moja dogo la kila siku ambalo mwenzi wake alikuwa akilifanya. Msikilizeni hadi amalize.

5. Leo jua halijazama bado. Ni kazi gani ya maandalio ambayo mwenzi wako anaifanya sasa hivi, unaposoma swali hili?